Lugha ya Fahirisi na Mwanafunzi wa Historia: Hazina za Mtandaoni za Historia na Utamaduni wa Tanzania

1.0 Utangulizi

Januari 2024 shule za Tanzania Bara zilianza kutekeleza mtaala ulioboreshwa, na miongoni mwa mambo yaliyomo ni somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Somo hili hufundishwa kwa Kiswahili hata katika shule za sekondari, ambako masomo mengi yangali yakifundishwa kwa Kiingereza. Kwa wanataaluma wa Kiswahili, hatua hiyo ni ya kupongezwa, na pongezi zimekwisha kutolewa kwa wingi. Makala haya yanahusu jambo lisilotajwa katika pongezi hizo.

Somo la historia halikamiliki kwa kitabu cha kiada peke yake. Kitabu cha kiada humpa mwanafunzi habari iliyokwisha kuchujwa na kupangwa. Kazi ya historia kama taaluma ni kuuliza habari hiyo imetoka wapi, ni nani aliyeiandika, na alikuwa na lengo gani. Ili mwanafunzi ajifunze kuuliza hivyo, hana budi kufikishwa penye ushahidi wenyewe: barua, picha, ramani, miswada, na sauti za wazee zilizorekodiwa. Kwa vizazi vilivyopita jambo hilo lilikuwa haliwezekani, kwa kuwa ushahidi huo ulikuwa umefungiwa Berlin, London, Dar es Salaam na Zanzibar. Siku hizi sehemu kubwa ya ushahidi huo inaonekana mtandaoni bila malipo.

Inapozungumzwa sababu ya wanafunzi kutoufikia ushahidi huo, hutajwa uhaba wa kompyuta, umeme na mtandao wa intaneti. Sababu hizo ni za kweli. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba ipo sababu nyingine, ambayo haitaondoka hata siku kila shule itakapokuwa na umeme na kompyuta. Sababu hiyo ni lugha ya fahirisi. Neno fahirisi linatumika hapa kwa maana pana: maelezo yote yanayoambatana na kitu kilichohifadhiwa, yaani jina lake, tarehe, mahali, watu wanaotajwa, na maneno ambayo kwayo kitu hicho kinaweza kutafutwa. Hazina yenye fahirisi isiyosomeka ni sawa na ghala lililofungwa kwa kufuli. Dai la pili ni kwamba kulifungua ghala hilo ni kazi ya wanaisimu na wanafasihi wa Kiswahili kabla haijawa kazi ya mafundi wa kompyuta.

2.0 Hazina Zilizopo

Yafaa kwanza ionyeshwe kwamba hazina zenyewe si za kufikirika. Kwa upande wa vitabu, Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao, ambamo vitabu vya kiada husomwa bila malipo. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ina makala nyingi kuhusu mikoa, wilaya, makabila na watu mashuhuri wa Tanzania, na yote yameandikwa na watu wa kujitolea.

Kwa upande wa ushahidi wa awali, hali inavutia zaidi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imeweka mtandaoni makumi ya maelfu ya picha zilizokuwa mali ya Jumuiya ya Kikoloni ya Kijerumani, na nyingi zilipigwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Chuo Kikuu cha Southern California kinahifadhi picha za wamisionari, zikiwamo za Misheni ya Leipzig zilizopigwa Uchagani. Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani imeyafanya mafaili ya Ofisi ya Makoloni yaonekane mtandaoni, ukurasa kwa ukurasa. Chuo cha SOAS cha London kimefanya vivyo hivyo kwa miswada ya Kiswahili iliyokusanywa na akina William Taylor na William Hichens, ambayo mingi imeandikwa kwa hati za Kiarabu.

Hazina za ndani ya nchi nazo si haba. Nyaraka za Kijerumani zilizoko katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, na mkusanyo wa miswada na vitabu vya Kiarabu wa Zanzibar ukaingizwa mwaka 2003. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina miswada ya Kiswahili na Kiarabu ambayo orodha yake, iliyotayarishwa na J.W.T. Allen, ilichapishwa mwaka 1970.

Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba mwanafunzi wa Tanzania hana cha kutafiti. La kuuliza ni kwamba, akiketi mbele ya kompyuta na kuandika neno la Kiswahili alilofundishwa darasani, atapata nini?

3.0 Majina Yaliyofichwa na Tahajia

Mfano wa kwanza ni wa kitabu ambacho kila mwanafunzi wa utamaduni wa pwani angepaswa kukifahamu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ndiye mwandishi mkuu wa maelezo ya desturi yaliyochapishwa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903. Kitabu hicho kimeandikwa kwa Kiswahili na nakala yake inasomeka mtandaoni. Lakini katika jina la kitabu wenyeji wa pwani wanaitwa Wasuaheli, kwa tahajia ya Kijerumani. Mwanafunzi anayetafuta desturi za Waswahili kwa tahajia sanifu anaweza kukikosa kitabu kilichoandikwa kwa lugha yake mwenyewe, si kwa kuwa hakipo, bali kwa sababu ya herufi mbili tu: u badala ya w, na e badala ya i.

Tahajia sanifu ilianza kusimamiwa baada ya kuundwa kwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930. Yaliyoandikwa kabla ya hapo yalifuata mazoea ya kila mwandishi. Wajerumani waliandika Bagamojo, Udjidji na Daressalam. Mtawala wa Wahehe aliyeangamiza kikosi cha Zelewski huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 anajulikana na kila mwanafunzi kwa jina la Mkwawa. Jina lake refu ni Mkwavinyika. Katika maandishi mengi ya Kijerumani ameandikwa Quawa. Asiyejua kwamba majina hayo matatu ni ya mtu mmoja hatafika mbali.

Majina ya mahali yana tatizo kubwa zaidi, kwa kuwa mengine hayakuandikwa vibaya bali yalibadilishwa kabisa. Mwanafunzi wa Lushoto anayetaka kuona mji wake ulivyokuwa mwaka 1910 hana budi kujua kwamba wakati huo uliitwa Wilhelmstal. Yule wa Tukuyu atafute Neu-Langenburg, wa Kasanga atafute Bismarckburg, na wa Liuli atafute Sphinxhafen. Hakuna akili ya mtoto wa miaka 15, hata awe hodari kiasi gani, inayoweza kubuni kwamba picha ya ziwa la kwao imehifadhiwa chini ya jina la waziri mkuu wa Ujerumani. Habari hiyo ama anapewa ama anaikosa. Fahirisi ndiyo inayopaswa kumpa.

Tatizo la hati ni la aina hiyo hiyo. Mswada wa Kiswahili ulioandikwa kwa hati za Kiarabu unaweza kuonekana mtandaoni kwa uwazi wa kupendeza, lakini kwa mwanafunzi asiyesoma hati hizo ni picha ya kutazamwa tu. Nyaraka za Kijerumani nazo zina mwandiko wa zamani unaowatatiza hata Wajerumani wa leo. Kuziweka mtandaoni bila kuzinukuu kwa hati za Kirumi na kuzieleza kwa lugha inayosomeka ni kuihamisha kabati kutoka chumba kimoja hadi kingine.

4.0 Mofolojia ya Kiswahili na Vyombo vya Kutafutia

Hata pale ambapo fahirisi imeandikwa kwa Kiswahili, bado lipo tatizo linalotokana na umbo la lugha yenyewe. Vyombo vingi vya kutafutia katika maktaba na hifadhi vilibuniwa kwa ajili ya lugha za Ulaya. Katika Kiingereza, umbo la neno hubadilika zaidi mwishoni. Kwa hiyo wabunifu walitafuta njia ya kukata mkia wa neno, ili mtafutaji aandike mwanzo wake na chombo kikamilishe mwisho. Kwa lugha hizo, mbinu hiyo inatosha kwa sehemu kubwa.

Katika Kiswahili, mabadiliko mengi hutokea mbele. Mtemi, watemi na utemi vina shina moja, lakini vinaanza kwa herufi tatu tofauti. Mngoni, Wangoni, Kingoni na Ungoni vivyo hivyo. Kwa upande wa vitenzi hali ni ngumu zaidi: alitawala, waliotutawala, tulipotawaliwa na hawakutawaliwa ni maumbo ya kitenzi kimoja, na hakuna hata moja linaloanza kwa mzizi. Chombo kinacholinganisha neno zima herufi kwa herufi, au kinachokata mkia tu, kitamwambia mtafutaji kwamba hakuna kitu, ilhali kipo.

Mkanganyiko huongezeka kwa kuwa wageni wenyewe hawakubaliani. Maandishi ya Kijerumani ya wakati wa ukoloni kwa kawaida yalibakiza kiambishi cha wingi na kuandika Wahehe. Maandishi ya kitaaluma ya Kiingereza ya miaka ya karibuni hukiondoa na kuandika Hehe. Fahirisi moja inaweza kuwa na maumbo yote mawili bila kuyaunganisha.

Tatizo hili si geni kwa wanaleksikografia wa Kiswahili. Ndilo suala la zamani la namna ya kuorodhesha vidahizo. Katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, nomino nyingi zilizonyambuliwa kutokana na vitenzi zimewekwa chini ya vitenzi hivyo, na msomaji alitakiwa ajue kwanza kwamba mpishi anatokana na pika. Tangu miaka ya 1980 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki amekuwa akishughulikia programu ya kompyuta inayochanganua mofolojia ya Kiswahili, na matokeo ya kazi hiyo yamekwisha kutumika katika kutayarisha kongoo kubwa ya matini. Hivyo basi ujuzi wa kutenga kiambishi na mzizi upo, kwenye vitabu vya sarufi na kwenye kompyuta pia. Kinachokosekana ni kuufikisha ujuzi huo mahali ambapo mwanafunzi wa kidato cha pili anaandika neno lake.

5.0 Jina la Tukio ni Hoja

Ingekuwa tatizo ni tahajia na viambishi tu, lingeweza kuachiwa mafundi. Lakini fahirisi haitaji vitu tu, bali pia inavihukumu. Vita vilivyopiganwa katika pwani ya Mrima kuanzia mwaka 1888, vikiongozwa na Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani, vimo katika hifadhi za Kijerumani chini ya neno Araberaufstand, maana yake uasi wa Waarabu. Neno hilo moja lina madai mawili. La kwanza ni kwamba waliopigana walikuwa Waarabu. La pili ni kwamba walikuwa waasi, yaani Wadachi walikuwa na mamlaka halali yaliyoasiwa. Madai yote mawili yamepingwa na watafiti. Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995, ameonyesha jinsi watu wa miji ya pwani na wa bara wa tabaka mbalimbali walivyoshiriki kwa sababu zao wenyewe.

Kabla ya watafiti hao kuzaliwa, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alikwisha kuvitungia vita hivyo utenzi. Utenzi huo unajulikana kama Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Katika jina hilo hakuna uasi. Vita ni vya Wadachi, na lengo lao limetajwa waziwazi: kutamalaki. Mwanafunzi anayeyaweka majina haya mawili sambamba amekwisha kuanza kufanya kazi ya mwanahistoria, kwa kuwa ameona kwamba tukio moja lina wasemaji wawili. Lakini fahirisi iliyopo humpa jina moja tu, tena la mshindi.

Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907 navyo vimehifadhiwa chini ya neno la uasi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na nchi yake katika vita hivyo. Ni ajabu kwamba mkuu wa dola huweza kubadili msimamo wa taifa lake mbele ya makaburi, ilhali neno la fahirisi likabaki lilivyoandikwa na karani wa kikoloni.

Vyeo vya watawala vimepatwa na mkasa kama huo. Mtemi wa Wanyamwezi, mangi wa Wachaga, mtwa wa Wahehe, nkosi wa Wangoni na Simba Mwene wa Wakilindi walikuwa na madaraka yaliyotofautiana, na misingi ya madaraka hayo ilitofautiana pia. Katika maelezo ya picha za kikoloni wote wanafanywa kuwa machifu au masultani. Hata Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ulioiagiza Ujerumani ilirejeshe fuvu la Mkwawa, unamwita sultani. Fuvu hilo lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Cheo chake hakijarudishwa katika fahirisi mpaka leo.

6.0 Pingamizi Zinazoweza Kutolewa

Pingamizi ya kwanza ni kwamba mwanafunzi ajifunze Kiingereza, na Kijerumani ikiwezekana, kisha asome kama wasomavyo wengine. Anayetaka kuwa mtafiti hana budi kufanya hivyo. Lakini somo linalozungumziwa hapa ni la wanafunzi wote, si la watafiti wa baadaye tu. Aidha, haieleweki kwa nini somo lifundishwe kwa Kiswahili darasani na ushahidi wake utafutwe kwa lugha nyingine. Mpango wa namna hiyo humfundisha mtoto, bila kumwambia, kwamba Kiswahili ni lugha ya kukariri majibu, na kwamba maswali yana lugha yao.

Pingamizi ya pili ni kwamba mashine za kutafsiri zimeendelea kiasi cha kuiondoa kazi hii mikononi mwa wanadamu. Ni kweli kwamba zimeendelea, na zitumike panapofaa. Lakini mashine hutafsiri kile ilichopewa. Ikipewa uasi wa Waarabu itautoa uasi wa Waarabu kwa Kiswahili fasaha, na ikipewa sultani wa Wahehe haitamrejeshea cheo cha mtwa. Tafsiri ya aina hiyo huzidisha hatari badala ya kuipunguza: maneno ya karani wa mwaka 1905 yakisomeka kwa Kiswahili sanifu huonekana kama ni maneno ya Waswahili wenyewe.

Pingamizi ya tatu ndiyo nzito zaidi: shule nyingi za vijijini hazina vifaa, na kuzungumzia fahirisi ni kumpa mwenye njaa orodha ya vyakula. Jibu lake ni kwamba fahirisi, tofauti na kompyuta, inaweza kusafiri bila umeme. Picha moja yenye maelezo mazuri ya Kiswahili inaweza kuchapishwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Mwalimu mwenye simu anaweza kupakua maelezo hayo mjini na kurudi nayo kijijini. Isitoshe, ikiwa vifaa vitafika kwanza na maelezo yabaki kama yalivyo, wanafunzi watajizoeza kuamini kwamba mtandao hauna kitu kuhusu kwao. Imani hiyo ikishaota mizizi ni vigumu kuing'oa.

7.0 Kiswahili na Lugha za Jamii

Hoja ya makala haya haikamiliki bila kukigeuzia Kiswahili chenyewe kioo. Ikiwa ni kosa kwa Kijerumani kumeza majina ya Kiswahili, ni kosa vilevile kwa Kiswahili kumeza majina ya Kimatumbi, Kingindo, Kihehe au Kingoni. Hatari hiyo ipo, tena ni kubwa, kwa sababu Kiswahili ndicho kilichopewa dhamana ya somo.

Neno hongo linatosha kuwa mfano. Katika Kiswahili cha leo, hongo ni rushwa. Katika habari za misafara ya karne ya 19 ni malipo ya kupita katika nchi ya mtawala. Lakini katika habari za vita vya Majimaji, Hongo ni pepo aliyehusishwa na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, na neno hilo hilo linatumika kwa wajumbe waliosambaza dawa ya maji. Mwanafunzi anayesoma kwamba hongo alifika kijijini kwao na watu wakampokea atafikiri kwamba babu zake walipokea rushwa. Fahirisi nzuri ya Kiswahili haina budi kulihifadhi neno kama lilivyotumiwa na wahusika, kisha kulieleza. Kulisanifisha ni kulipoteza.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Idara ya Historia ya chuo kikuu cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi wake katika maeneo ya vita hivyo kukusanya masimulizi ya wazee. Mradi huo ni miongoni mwa kazi za heshima kuu katika historia ya elimu nchini, na umekuwa msingi wa karibu kila kitabu kilichoandikwa baadaye kuhusu Majimaji. Hata hivyo, insha zilizokusanywa ziliandikwa kwa Kiingereza, ilhali wazee waliohojiwa walisema kwa Kiswahili au kwa lugha zao. Wazee hao wameshafariki. Maana ya walichosema imehifadhiwa, lakini maneno yao mengi hayapo. Wanaisimu wangekuwapo katika mradi huo, huenda leo pangekuwa na maneno pia.

8.0 Yanayopaswa Kufanywa

Kutokana na yaliyoelezwa, kazi nne zinafaa kupewa kipaumbele, na zote zimo katika uwezo wa idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Tanzania.

Kazi ya kwanza ni kutayarisha orodha ya majina yanayolingana: majina ya watu, mahali, jamii na matukio, kila moja likiwa na tahajia zake zote na majina yake ya zamani. Wilhelmstal liunganishwe na Lushoto, Quawa na Mkwawa, Wasuaheli na Waswahili. Orodha hiyo ikitolewa bure, hifadhi yoyote ulimwenguni inaweza kuitumia bila kubadili hata ukurasa mmoja wa nyaraka zake. Ni kazi ya uchovu, lakini si ya gharama.

Kazi ya pili ni kuandika maelezo ya Kiswahili yatakayokaa pembeni mwa yale ya asili, si mahali pake. Maneno ya karani wa kikoloni yasifutwe, kwa kuwa nayo ni ushahidi. Yawekewe jirani. Mwanafunzi aone kwamba mmoja aliandika uasi na mwingine akaandika vita, na aulizwe kwa nini. Hifadhi za nje zina wajibu wa kupokea maelezo hayo na kuyafanya yatafutike, maadamu zimekuwa zikisema kwamba zinataka kushirikiana na nchi ambamo vitu hivyo vilitoka.

Kazi ya tatu ni kuitambua kazi hiyo kama utafiti. Kwa mazoea ya sasa, mhadhiri anayechambua riwaya moja huhesabiwa kuwa ametafiti, na yule anayenukuu mswada kutoka hati za Kiarabu au kueleza picha 200 kwa kuwahoji wazee huhesabiwa kuwa ametayarisha vifaa. Mgawanyo huo hauna msingi. Kueleza picha kunahitaji ujuzi wa leksikografia, lahaja, historia na uhakiki wa matini, yaani mambo yale yale ambayo mtahiniwa wa shahada ya umahiri hutakiwa kuyaonyesha. Tasnifu za namna hiyo zikikubaliwa, nguvu kazi itapatikana kila mwaka bila kuajiri mtu.

Kazi ya nne inawahusu wanafunzi wa shule wenyewe. Mwanafunzi asichukuliwe kuwa mpokeaji tu. Picha iliyopigwa Masasi au Machame ikipelekwa Masasi au Machame, wapo wazee wanaoweza kukitaja kilima, mti, chombo cha kazi, mtindo wa kusuka nywele, na pengine ukoo wa mtu aliyesimama. Mwanafunzi anayeandika majibu hayo na kuyarejesha kwenye fahirisi atakuwa ameongeza elimu ambayo Frankfurt haina na haiwezi kuipata peke yake.

Tahadhari moja inahitajika. Katika hazina hizo zimo picha za watu walionyongwa, waliofungwa minyororo, na waliovuliwa nguo ili wapimwe miili. Si kila kinachoweza kuonekana kinafaa kuonyeshwa mtoto, wala si kila familia ingependa marehemu wake awe kielelezo darasani. Kuamua lipi lifunguliwe, kwa nani na kwa maneno gani ni sehemu ya kazi ya fahirisi, na jamii zinazohusika zishauriwe kwanza.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba umbali kati ya mwanafunzi wa Tanzania na ushahidi wa historia yake haupimwi kwa kilomita wala kwa kasi ya mtandao peke yake. Unapimwa pia kwa tahajia, kwa viambishi, kwa vyeo vilivyotafsiriwa ovyo na kwa majina ya vita. Hayo yote ni mambo ya lugha, na kwa hiyo wenye jukumu la kwanza ni wanataaluma wa lugha.

Wazee waliozaliwa kabla ya uhuru, ambao bado wanakumbuka majina ya zamani ya milima, mito, ngoma na vyeo, wanazidi kupungua. Nyaraka zilizoko Berlin zitangoja miaka 100 mingine bila kuharibika, wazee hawatangoja. Idara za Kiswahili zikiendelea kusubiri vifaa vifike mashuleni kwanza, huenda siku vitakapofika pasiwe na mtu wa kumwambia mwanafunzi kilichomo katika picha iliyo mbele yake kinaitwaje.